Tairi Limetoka Kwenye Ringi na Kahawa Iko Mgongoni

Niliahidi kwamba wiki hii tungeendelea na somo la kuondoa maotea kwenye mibuni. Somo lipo, limeshaandikwa, litakuja. Lakini nimekutana na jambo njiani ambalo nimeona lisisubiri, maana tuko katikati ya mavuno na wengi wenu sasa mna pikapu, Kirikuu au pawatila yenye tela. Shamba mnalijua. Gari linalobeba mazao ya shamba, hapo bado tunabahatisha.

Nilikuwa natoka kwenye mashamba ya juu, huku Litembo, na pikipiki yangu. Saa kumi jioni, ukungu umeshaanza kushuka, ile baridi yetu mnaijua. Kwenye kona moja yenye mfereji uliochimbwa na mvua za mwisho, nikakuta Hilux ya zamani imelala kiubavu kidogo kama mbuzi mgonjwa. Nyuma ina viroba kumi na vinne vya kahawa mbivu. Vijana wanne, wote wa kikundi kimoja, kila mmoja na shamba lake. Wawili wameinama kwenye tairi la nyuma kushoto. Mmoja anapiga pampu ya baiskeli kama anatwanga mahindi, na upepo wote unatoka pembeni, fyuuu, mfululizo.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba. Mmepiga kwa muda gani?"

"Tangu saa tisa. Haliingii hata kidogo."

Nikatazama. Tairi halikuwa na pancha. Ubavu mzima, kashata nzima. Kilichotokea ni kwamba mdomo wa tairi upande wa nje ulikuwa umeachia ringi. Mdomo wa tairi ni ule ukingo mnene wa ndani, wenye waya za chuma zilizofunikwa na mpira, unaokaa kwenye ringi. Tairi lao halina tyubu, kwa hiyo mdomo ndiyo mlango pekee unaozuia upepo. Ukiachia, hata ungekuwa na kompresa ya gereji nzima, unajaza upepo kwenye kikapu.

Kabla sijasema nini tulifanya, nieleze kwa nini mdomo huwa unaachia, maana vijana wale walidhani wameuziwa tairi bovu. Waliniambia kwamba walipokuwa wanapanda asubuhi gari tupu, njia ilikuwa inateleza, wakapunguza upepo matairi yote ili yashike. Wazo si baya. Tairi lenye upepo kidogo linatandaza mguu wake, linakanyaga eneo kubwa zaidi, halichimbi sana. Watu wa magari ya porini dunia nzima wanafanya hivyo. Ila wao walipunguza kwa kusikiliza sauti, bila geji. "Tulihesabu mpaka ishirini, kaka," mmoja akasema. Kisha wakapakia mzigo na kuanza kushuka na upepo uleule.

Hapo ndipo penye tatizo. Kinachoushikilia mdomo kwenye ringi, zaidi ya kubana kwake wenyewe, ni upepo unaousukuma kwa ndani kwenda nje. Ukiwa na psi 30, kila sentimita moja ya mraba ndani ya tairi inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo mbili. Ukishusha hadi psi 10, inabaki chini ya kilo moja, kama gramu mia saba. Sasa weka viroba kumi na vinne juu, ingia kwenye kona yenye mteremko, gurudumu liangukie mferejini na mzigo wote uegemee upande mmoja. Ardhi inalivuta tairi huku, ringi inakwenda kule. Mdomo unateleza kutoka kwenye kiti chake, upepo wote unatoka kwa mara moja, na wewe unasikia gari limekaa.

Kiti chake ni kipi? Wamatengo mtanielewa haraka kuliko watu wengine. Fikiria shimo la ngoro. Katikati kuna shimo, pembeni kuna matuta. Ringi ukiitazama kwa kuikata ni hivyohivyo: katikati ina bonde, na kila upande ina bega ambapo mdomo wa tairi unakaa, kisha ukingo wa nje. Ringi nyingi za tairi lisilo na tyubu zina pia nundu ndogo kati ya bega na bonde, kazi yake ni kuzuia mdomo usirudi bondeni. Bonde hilo halikuwekwa kwa urembo. Bila bonde, fundi asingeweza kuvalisha tairi, kwa sababu mdomo una waya na hauvutiki. Unaushusha upande mmoja bondeni ndipo upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka ukingo. Lakini bonde hilohilo ndilo linalokutesa njiani: mdomo ukishaangukia huko, kati yake na bega kunabaki uwazi, na upepo unapita hapo.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuziba uwazi. Upepo unafuata baadaye. Vijana wale walikuwa wamepiga pampu saa nzima wakidhani shida ni nguvu za mikono.

Sasa nikiwa bado natazama, yule wa nne, aliyekuwa amesimama pembeni na simu, akasema, "Bwana shamba, mimi nimeona video. Unamwagia petroli kidogo, unawasha, tairi linaruka lenyewe kwenye ringi." Na kweli alikuwa na chupa ya maji ya nusu lita yenye petroli, ya akiba ya pikipiki.

Nikamwambia aiweke mbali, na nikasema kwa sauti ambayo sikuipanga.

Video hizo zipo, sibishi. Wenzetu wa Iceland wanaopita juu ya barafu kwa matairi makubwa yenye upepo kidogo sana wanajulikana kwa ujanja huo, wanatumia gesi ya kopo. Na mara nyingi linarudi, ndiyo maana watu wanaiga. Ila mimi niliwahi kushika tochi mtu akifanya hivyo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, njia ya kuelekea Liuli, usiku, gari la kuazima. Dereva alimimina, akaona kidogo, akaongeza. Petroli ikawa imeshageuka mvuke na kutambaa hadi alipoinama. Alipowasha kiberiti haikusikika "pa" ya kwenye video, ulikuwa mlipuko. Tairi liliruka likagonga bodi ya gari. Mimi nilipoteza nyusi na nywele za mbele, jambo la kuchekwa wiki mbili. Yeye aliungua mkono wa kulia, na vidole viwili hadi leo havikunji sawasawa. Alikuwa fundi mzuri wa mashine, huyo.

Tatizo la moto ni kwamba huwezi kupima. Geji haipo, hujui umetengeneza msukumo kiasi gani ndani ya mpira ambao pengine ulishaumia. Ubavu ukichanika, unakuchanikia usoni. Na hata ukifanikiwa, ile hewa ya moto ikipoa inasinyaa na inaweza kuuvuta mdomo urudi ulikotoka kama hukuwahi kujaza upepo. Kisha kuna mvuke unaobaki ndani. Mwezi mmoja baadaye fundi pancha analifungua tairi hilo, anachomeka kifaa chake cha moto, hajui lolote. Sitaki mtu wa blogu hii afanye hivyo. Haya, tuendelee.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa la tairi. Nikawauliza kahawa imechumwa saa ngapi. "Tulianza saa moja asubuhi." Kahawa mbivu inatakiwa imenywe siku hiyohiyo, na ukiweza ndani ya saa nane tangu kuchumwa ni bora zaidi. Ikikaa kwenye kiroba kilichobanwa inapata joto, inaanza kuchacha na ganda lake, na ile harufu ya uchachu inaingia kwenye punje. Hapo hata uoshe vipi, muonjaji ataikuta kikombeni. Walikuwa wamebakiza muda mfupi. Mimi nikasema waite bodaboda wawili wahamishe viroba vya mwanzo, vile vya asubuhi, viende mtamboni kwanza. Wakasitasita kwa sababu ya nauli. "Gari si litapona sasa hivi, bwana shamba?" Nikawajibu kwamba tairi likikaa hapo hadi asubuhi bado ni tairi, lakini kahawa ikikaa hadi asubuhi si kahawa ileile. Mwishowe wakapiga simu. Viroba kumi vikaondoka kwa safari za kupokezana. Vinne vikabaki, tukavishusha chini kwenye turubai.

Kushusha mzigo kulikuwa na faida ya pili: huwezi kufanya kazi hii na gari lililolemewa. Tukaweka mawe makubwa upande wa chini wa magurudumu mengine, gia ndani, breki ya mkono juu. Ardhi ilikuwa laini, kwa hiyo chini ya jeki tukaweka kipande cha ubao. Tukainua mpaka tairi likaning'inia, halikanyagi kitu. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Tairi likigusa ardhi, uzito wa gari unalikandamiza na kulipeleka umbo la yai, na uwazi unakuwa mkubwa upande mmoja. Likining'inia linarudi kwenye duara lake. Hatukulitoa gurudumu kwenye gari. Mdomo ulioachia ulikuwa wa nje, unafikika. Ungekuwa wa ndani, tungefungua nati na kulilaza chini. Na tafadhali, jeki ikiwa juu, mguu wala kichwa cha mtu kisiingie chini ya gari, hasa kwenye miteremko yetu.

Kisha usafi. Hapa vijana wengi wanaruka hatua. Kwenye bega la ringi kulikuwa na tope, majani na changarawe, na kutu imeanza kuinuka kama magamba. Changarawe moja ndogo kama punje ya mtama ikikaa kati ya mdomo na ringi inatosha kuvujisha upepo usiku kucha. Tulikandamiza ubavu kwa mikono, mmoja akapitisha kitambaa chenye maji kuzunguka ringi yote, kisha kuzunguka mdomo wenyewe. Kutu tuliikwangua kwa upande butu wa kisu, taratibu, bila kugusa mpira.

Tukiwa hapo nikaingiza tochi ya simu ndani ya tairi. Nawaomba mfanye hivyo kila mara. Gari likitembea hata mita mia chache tairi likiwa bila upepo, ubavu unasagika kwa ndani. Dalili yake ni unga mweusi wa mpira, au mistari kama mikunjo ya nguo, au waya zinazoonekana. Ukiona hivyo usilijaze, hata kama kwa nje linang'aa. Nyuzi za ubavu zikiwa zimechoka zinaweza kukatika kwa mfululizo wakati unajaza upepo, kama zipu inayofunguka, na watu wamekufa kwa namna hiyo. La vijana hawa lilikuwa na unga kidogo sana. Dereva alisimama mapema. Nikaridhika, lakini nusunusu. Nikawaambia litumike kufika tu, kisha lifunguliwe.

Baada ya usafi, sabuni. Mwanamama mmoja aliyekuwa anapita na jembe begani alitupatia kipande cha sabuni ya mche kutoka kwenye nyumba yake ya jirani, na ndoo ya maji ya uvuguvugu, Mungu ambariki. Ule uvuguvugu ulisaidia: mpira wa baridi ni mgumu, ukipata joto unalainika. Mchana ningeliacha tairi juani. Tukapaka povu zito kwenye mdomo na kwenye bega. Sabuni inafanya kazi mbili, inaufanya mdomo uteleze kupanda begani, na povu lenyewe linaziba nyufa ndogo ili upepo wa kwanza usikimbie. Msipake grisi, oili chafu wala dizeli. Najua gereji nyingine wanapaka. Mafuta yanakula mpira, na hayakauki. Tairi linakuja kuzunguka peke yake ndani ya ringi ukifunga breki. Sabuni inakauka na kubaki pale.

Sasa uwazi. Uwazi wao ulikuwa mkubwa kama kidole, sabuni peke yake isingeuziba. Dawa yake ni kulibana tairi kwenye mgongo, pale panapokanyaga ardhi. Ukilikaza mgongoni kuzunguka pande zote, mpira hauna pa kwenda isipokuwa pembeni, kwa hiyo midomo inasukumwa kuelekea kwenye mabega ya ringi. Mwenye mkanda wa kufungia mizigo, ule wenye kishikio cha kukazia, anauzungusha na kukaza. Sisi hatukuwa nao. Tulichukua kamba ya katani, tukaizungusha mara mbili katikati ya mgongo wa tairi, tukafunga, tukapitisha kipande cha mti mnene kama mpini wa jembe, kisha tukazungusha mti ule kama unavyokamua nguo nzito. Kila mzunguko kamba inazama kwenye kashata na unaona kabisa ubavu unatoka nje. Tulipofika mizunguko sita hivi, mwanga wa tochi haukupenya tena kati ya mdomo na ringi.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi wa baiskeli wanaijua: tyubu ya baiskeli unaijaza upepo kiasi, unaichomeka kuzunguka ule uwazi iwe kama kizibo, unajaza tairi, na mdomo unapokaribia kushika unaivuta tyubu itoke. Nimeona ikifanya kazi. Inahitaji mikono miepesi, na mara nyingine tyubu inabaki imebanwa huko, unaagana nayo.

Kabla ya kupiga pampu tukatoa kile kipini kidogo cha ndani ya valvu. Kipo kifuniko cha valvu chenye meno ya kukifungulia. Nacho hatukuwa nacho, tukatumia koleo yenye ncha nyembamba ya kwenye zana za pikipiki yangu. Kipini kikitoka, tundu linakuwa pana na upepo unaingia kwa kasi zaidi. Katika hatua hii unashindana na uvujaji. Upepo ukiingia pole kuliko unavyotoka, umeshindwa. Kiweke kipini mfukoni, si juu ya jiwe. Nimeshatafuta kipini kwenye majani kwa nusu saa.

Kijana akaanza tena na pampu ileile ya baiskeli iliyomshinda tangu saa tisa. Mapigo kama thelathini, kimya. Nikamwambia asiache. Ghafla sauti ikabadilika. Ile fyuuu ikawa nyembamba, kisha ikakatika, na pampu ikaanza kuwa nzito mkononi. Mnapaswa kuijua hali hiyo kwa mikono yenu. Pampu ikiwa nzito, tairi limeshika. Pale pale tukalegeza kamba na kuiondoa. Usiiache kamba wakati upepo unaongezeka, kwa sababu inakuwa kama uta uliovutwa, na ule mti ukiachia unapiga kama nyundo.

Wote tukasogea pembeni. Anayejaza asimame usawa wa mgongo wa tairi, asikae mbele ya ubavu, na vidole vya mtu visiwe karibu na ringi. Mdomo unapopanda begani unaruka na kugota, "ta!", na sauti yake inamshtua mtu ambaye hakuambiwa. Sisi tulisikia mmoja, halafu baada ya muda mwingine mdogo. Geji yangu ya mfukoni ilisoma psi 28.

Kuna kikomo hapa na naomba kisivukwe: kwa matairi ya magari madogo na pikapu, mdomo ukikataa kukaa na umeshafika psi 40, simama. Toa upepo wote, paka sabuni upya, angalia kama kuna uchafu au kama mdomo umejikunja, ndipo uanze tena. Ukilazimisha, waya za mdomo zinaweza kukatika, na hilo si jambo la kusimulia baadaye.

Baada ya hapo tukachomoa pampu, upepo ukatoka mwingi, lakini mdomo ukabaki begani, kwa sababu ya ile nundu niliyoitaja. Kipini kikarudi, tukajaza upya. Sasa ndipo mikono ya vijana ilipojua kazi, walipokezana mpaka ikafika psi 36, kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva kwa gari lenye mzigo. Kila gari lina chake, someni cha kwenu.

Tukakagua mara mbili. Kwanza ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye ubavu wa tairi karibu na ringi: umbali wake na ukingo wa ringi uwe sawa kuzunguka kote. Ukiwa umezama sehemu moja, mdomo haujakaa vizuri hapo, gari litacheza njia nzima. Pili, tukamwagia maji ya sabuni kwenye mdomo na kwenye valvu, tukatafuta mapovu. Kwenye mdomo hapakuwa na kitu. Kwenye valvu palikuwa na povu moja dogo, tukakaza kipini, likaisha.

Saa moja na nusu usiku.

Wengine mtauliza, kwa nini msiweke tyubu tu mkaondoka? Inawezekana, na mkikwama kabisa fanyeni hivyo, ila tyubu iwe ya saizi ya tairi na ndani pasafishwe kabisa, maana mchanga na kile kikaratasi cha kiwandani vinaitoboa. Kwenye tairi lililotengenezwa kutumika bila tyubu ni suluhisho la kufikia fundi, mwendo wa pole. Ila kwa kulitoa na kulivalisha tairi kwa vyuma, gizani, na mdomo mwingine ukiwa bado umekaa vizuri, ningechagua kamba na sabuni.

Wenye pawatila na matela mnisikilize hapa kipekee. Ringi nyingi za pawatila ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati katikati, na ndani kuna tyubu. Zipo nati zinazoshika gurudumu kwenye mashine, na zipo nati zinazoshika vipande viwili pamoja. Ukifungua hizo za pili tairi likiwa na upepo, vipande vinaachana kwa nguvu yote iliyomo. Toa upepo wote kwanza, toa na kipini, ndipo uguse spana. Na zile ringi za malori na baadhi ya Land Cruiser za zamani zenye pete ya chuma inayofungia, hizo sizigusi njiani na nanyi msiziguse. Peleka kwa fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia.

Kuhusu kupunguza upepo, msimamo wangu ni huu. Gari tupu kwenye tope nalishusha kutoka psi 35 hadi 22 hivi, kwa geji, na naenda pole, sikati kona kwa kasi. Gari lenye shehena silishushi. Kama njia haipitiki kwa upepo wa kawaida, napunguza viroba na kurudi mara ya pili. Na ukishapita tope, jaza. Kompresa ndogo za kuchomeka kwenye betri ya gari zipo madukani, washa injini unapoitumia. Jambo dogo kwa mnaopeleka mazao ziwani: mkishuka kutoka huku milimani, kama meta 1,500, hadi ufukweni chini ya meta 500, geji itasoma pungufu karibu psi moja na nusu hata kama hakuna kilichovuja, ingawa joto la Mbamba Bay linarudisha sehemu yake. Ni hewa ya nje tu imekuwa nzito zaidi. Msihangaike kutafuta pancha.

Vijana wakapakia viroba vinne wakaondoka, mimi nyuma yao na pikipiki hadi barabara ilipotulia. Viroba kumi vya bodaboda vilikuwa vimeshamenywa na viko kwenye maji. Vile vinne mhudumu wa mtambo alivinusa, akatikisa kichwa, akasema atavimenya lakini peke yake, visichanganywe na za wenzao, na vikaushwe kwenye meza ya pembeni. Alikuwa sahihi. Mwenye viroba hivyo, ambaye ndiye aliyekuwa na chupa ya petroli, hakufurahi.

Juzi tairi lilifunguliwa na fundi pancha Mbinga mjini. Kwa ndani, ubavu wa kushoto ulikuwa na mikunjo upana wa kiganja ambayo tochi yangu haikuiona. Namba nne za mwisho pembeni mwake zilisomeka 1614, yaani lilitengenezwa wiki ya 16 ya mwaka 2014; walilinunua mtumba bila kuangalia. Limekatwa, sasa ni malisho ya nguruwe wa mmoja wao, chombo cha kunyweshea. Wamenunua lingine, na geji. Wiki ijayo, maotea.